Kidimbwi cha uani kabla ya masika

Mwenye kidimbwi cha samaki uani hapa Mombasa, kaskazi ikilegea mwezi wa tatu, usingoje masika yakukute. Kubwa ni tope la chini. Majani ya mwembe na chakula kilichobaki huoza pale, na hewa ndani ya maji hupungua. Ukiamka alfajiri ukaona samaki wako juu, midomo wazi, wanatweta, ndiyo hiyo. Lizoe tope polepole kwa wavu wa matundu madogo, wala usimwage maji yote. Kubadilisha robo yatosha. Maji ya mfereji yaache kwanza kwenye pipa wazi siku moja au mbili, klorini iruke. Kisima chako kikiwa cha chumvi, usijaze kwa pupa.

Bomba la gata ligeuze kando, maana mvua ya kwanza huteremsha vumbi lote la mabati na mavi ya kunguru (nao kunguru hapa mjini, mwawajua). Tundu la kutolea maji ya ziada lifunge wavu, tilapia wadogo wasije wakatoka na mafuriko. Siku za mawingu mazito, tafadhali, punguza chakula.