Somo: Mafuta ya mti wa chai, yalikotoka na namna ya kuyatumia

Wengi wanayo mafuta haya nyumbani, lakini wanayapaka yakiwa makali vilevile yalivyotoka chupani, na ngozi inawaka moto. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kufungua chupa yako.

Mti wenyewe huitwa Melaleuca alternifolia, na si mchai tunaokunywa majani yake. Kwao ni kaskazini mashariki mwa jimbo la New South Wales, Australia, hasa mabondeni penye majimaji. Wabundjalung, wenyeji wa huko, walikuwa wakiponda majani yake kutibu vidonda na ngozi tangu enzi za mababu. Miaka ya 1920, mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, aliyapima mafuta yake akakuta yanashinda asidi ya kaboliki kwa kuua vijidudu, na hiyo kaboliki ndiyo iliyotegemewa wakati ule. Heshima ya kwanza, kwangu mimi, ni ya Wabundjalung.

Hatua ya 1: Soma lebo. Itafute Melaleuca alternifolia kwa jina hilohilo. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia.

Hatua ya 2: Zimua. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti (mililita 5) kitie matone 5. Hapo unapata karibu asilimia 5. Usizimue kwa maji, kwani mafuta yataelea na ngozi itapokea tone kali vilevile.

Hatua ya 3: Jaribu. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, acha kabisa.

Hatua ya 4: Tumia. Kwa chunusi, gusa chunusi yenyewe kwa pamba, si uso mzima, na uyaepushe na macho. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 1990 lilihusisha watu 124: jeli ya asilimia 5 ya mafuta haya ilipunguza chunusi kama ilivyofanya benzoili peroksidi, dawa ya chunusi ya famasi, ya asilimia 5. Ilichelewa zaidi, ila ukavu na muwasho ulikuwa mdogo. Kwa hiyo usiongeze matone eti kwa sababu wiki imepita hujaona kitu. Kwa mba, tia matone 5 kwenye kijiko cha chai cha shampuu, acha kichwani dakika tatu, suuza.

Hatua ya 5: Funga chupa vizuri, iweke mahali penye giza na ubaridi, mbali na watoto.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Mwalimu, ahsante kwa somo. Je, naweza kusukutua kwa matone mawili, jino linaniuma?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mafuta haya hayaingii kinywani. Aliyeyameza anaweza kusinzia, kuyumba, hata kupoteza fahamu, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Ikitokea, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa. Jino lako mwone daktari wa meno.

Swali: Fangasi za vidole vya miguu je? Nimepaka, muwasho umeisha, nikaacha, zimerudi.

Jibu: Hilo linajulikana. Krimu ya asilimia 10 iliyopimwa mwaka 1992 ilituliza muwasho na kubabuka, lakini fangasi wenyewe haikuwamaliza kuliko krimu isiyo na dawa. Nafuu isikudanganye. Tumia dawa ya fangasi ya famasi, umalize muda wote ulioandikiwa, na ukaushe katikati ya vidole kila unapooga.

Swali: Samahani mwalimu, paka wangu ana viroboto. Nimpake kidogo?

Jibu: Usimpake, dada, hata tone. Paka hujilamba, na mafuta haya ni sumu kwake, mbwa vilevile. Kama tayari umempaka na anatetemeka au anashindwa kusimama, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Swali: Chupa yangu ni ya muda mrefu, harufu imebadilika. Bado yanafaa?

Jibu: Usiyapake mwilini. Hewa na mwanga huyageuza yakawa mepesi zaidi kuleta mzio, na mzio huo ukishaingia unaweza kukurudia kila utakapoyagusa. Tafuta chupa mpya, uandike juu yake tarehe uliyoifungua.