Fedha na Hoteli katika Shahada Moja Uingereza: Ithibati ya Chuo Si Ithibati ya Kozi Yako

Kama umepata barua ya udahili ya shahada inayounganisha fedha na usimamizi wa hoteli na utalii hapa Uingereza, kabla hujalipa ada kiandikie chuo swali hili: je, kozi hii, kwa jina hili na kwa mwaka huu wa kuanza, inasamehewa mitihani ya ACCA (chama cha kimataifa cha wahasibu), na ni mitihani ipi? Usiulize kama chuo kina ithibati. Vyuo vingi vitakujibu ndiyo, jibu litakuwa la kweli, na wewe halitakufaa kitu.

Nilianza kozi hiyo na hesabu ya watu wengi wa kwetu: nipate shahada, nisamehewe mitihani ya mwanzo, iliyobaki niimalizie nikiwa kazini. ACCA ina mitihani 13, na 9 ya mwanzo inaweza kusamehewa kwa mwenye shahada inayofaa. Nembo yao ilikuwa imewekwa wazi kwenye matangazo ya idara ya fedha. Niliuliza, nikaambiwa idara inatambuliwa. Mwaka wa mwisho ndipo nilipoambiwa kwamba wanaosamehewa mitihani yote 9 ni wa shahada ya uhasibu na fedha, na kozi yetu ya pamoja haimo. Matokeo yangu yakapitiwa somo kwa somo, nikaambulia mitihani michache ya mwanzo. Iliyobaki ni ya kujilipia na kuifanya usiku baada ya kazi.

Fedha si uhasibu, na nusu ya fedha ni pungufu zaidi. ACCA wanatafuta masomo ya kodi, ukaguzi wa hesabu, sheria ya biashara na uandaaji wa taarifa za fedha. Upande wa fedha wa kozi ya pamoja hufundisha kupima thamani ya uwekezaji, masoko ya mitaji na hatari. Masomo yenyewe ni mazuri, ila mlango wanaoufungua ni mwingine. Kwenye kozi yetu somo la kodi lilikuwa la kuchagua, na liliwekwa muhula uleule ambao ratiba ilitutaka tuwe hotelini kwa mafunzo ya vitendo. Idara moja haikuwa na habari ya ratiba ya nyingine. Kwa hiyo omba ratiba ya idara zote mbili, ya miaka yote, uziweke pamoja uone zinagongana wapi. Narudia: ratiba zote mbili, mapema, kwa maandishi.

Nasisitiza maandishi kwa sababu ya tabia ya wenyeji. Waingereza ni waungwana na hawadanganyi ovyo, lakini watajibu kile ulichouliza na kuishia hapo. Kwetu mtu wa ofisini akiona unaelekea shimoni atakuita pembeni akuambie, "Mwanangu, hii haitakusaidia." Hapa kukushauri jambo ambalo hukuliuliza wanaona ni kukuingilia. Na neno la mdomo halina uzito wowote siku ya malalamiko. Watakachoomba ni baruapepe.

Sasa ndugu zetu mlioko nyumbani, kwa upendo kabisa. Kijana wenu aliye huku hasomi digrii mbili. Anapata cheti kimoja chenye majina mawili. Msimtangazie ukweni kwamba akirudi ni CPA, yaani mhasibu kamili wa taaluma, kwa sababu NBAA (bodi ya wahasibu ya Tanzania) na KASNEB (bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya) nao wataangalia masomo aliyofanya, si jina la chuo wala picha ya mahafali. Wala msimtumie orodha ya mahitaji eti kwa kuwa "yuko hotelini, pesa ipo." Viza ya mwanafunzi wa shahada inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili, na akiwa na waajiri wawili saa zinajumlishwa. Hoteli ikikosa mtu Jumamosi itambembeleza aongeze zamu. Akikubali na kuvuka, viza iko hatarini. Mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya kozi na yanayopimwa hayahesabiwi humo, ila hakikisha yameandikwa hivyo.

Mengine ni ya kawaida: lipia tozo ya afya pamoja na viza, fungua akaunti ya benki, tunza hati za mshahara. Bahashishi ni mali ya wafanyakazi. Tangu Oktoba 2024 sheria inamkataza mwajiri kujikatia sehemu yake.

Je, kozi yenyewe ina maana? Ina maana sana, na inanikera watu wakiiita kozi ya kutandika vitanda. Kampuni kama Marriott na Hilton nyingi ya hoteli zenye majina yao hazizimiliki; jengo ni la mwekezaji, wao wana jina, na pengine uendeshaji. Mwekezaji huyo anahitaji mtu anayeweza kusoma mapato kwa kila chumba kilichopo na kusema kama mkopo utalipika. Mhasibu mtupu hawezi, meneja wa mapokezi hawezi. Fukwe zetu na mbuga zetu zinawahitaji watu hao.

Ila kwa kubaki hapa, tegemea upande wa fedha. Tangu 22 Julai 2025 kazi ya kudhaminiwa viza lazima iwe ya ngazi ya shahada, isipokuwa chache zilizo kwenye orodha ya muda, na kiwango cha jumla cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka. Wapishi wameondolewa, na nafasi nyingi za hoteli hazifiki hapo. Viza ya baada ya masomo ni miaka 2, lakini mwenye shahada ya kwanza au ya uzamili atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 atapewa miezi 18.

Kama tayari uko mwaka wa pili, bado kuna nafasi. Nenda idarani kabla dirisha la kuchagua masomo halijafungwa, omba kodi na ukaguzi hata kama itabidi uache masomo ya utalii unayoyapenda, na mafunzo ya hoteli yasogezwe kiangazi. Wakisema inawezekana, waambie wakuandikie siku hiyohiyo.