Jinsi ya kukagua rivolva ya bei poa kabla hujatoa hela

Wakuu, huku Texas kila mara kuna mtu wa jumuiya yetu ananitumia picha ya rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Taurus au Charter Arms aliyoiona dukani anauliza hii ni nzuri au ni bomu. Sasa picha haijibu hilo. Kwenye rivolva za chini ya dola 400 jina la kiwanda linakwambia kidogo, maana bei imeshushwa kwa kupunguza muda wa fundi wa kumalizia na kukagua, kwa hiyo aina moja, rafu moja, hii ni safi na ile ya pembeni yake ni ya hovyo. Unakagua hiyo uliyoishika.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Bastola dukani kwa kawaida ni miaka 21 na kuendelea, unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, na uongo humo ni kesi ya serikali kuu. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kwa sheria za shirikisho. Mwenye viza ya muda, mfano ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi, vighairi vipo vichache na hivyo muulize wakili, na asije mtu akakwambia "nitakununulia kwa jina langu", hapo mnaingia matatani wote wawili.

Hatua ya 1: vifaa

Tochi ndogo, fila geji ile ya mafundi magari, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi (chukua ya inchi, maana wauzaji huku wanaongea kwa elfu za inchi, yaani inchi moja ikigawanywa vipande elfu), na risasi za bandia za saizi ya hiyo rivolva. Risasi za kweli ziache nyumbani.

Hatua ya 2: hakikisha ni tupu

Fungua silinda, angalia matundu yote, mwonyeshe na muuzaji. Omba ruhusa ya kufyatua kavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Kama ni ya risasi ndogo za .22, mfano Heritage Rough Rider, usifyatue kavu bila risasi za bandia, pini inayogonga risasi inaweza kugonga ukingo wa tundu.

Hatua ya 3: taiming (silinda kujifunga kwa wakati), hapa tulia

Hapa ndipo watu wanaibiwa, na ukiwa na haraka ruka hatua nyingine zote ila siyo hii na ile ya 2.

Ukivuta nyundo, ndani kuna kidole cha chuma kinachosukuma meno ya ile nyota ya nyuma ya silinda, silinda inazunguka, halafu kijino cha loki kinachochomoza chini kwenye fremu kinaingia kwenye kishimo cha silinda na kuifunga. Loki inatakiwa iingie kabla nyundo haijafika mwisho, au palepale inapofika. Ikichelewa maana yake tundu halijakaa sawasawa na mtutu, risasi inaingia kwa ubavu, inakwanguliwa, na vipande vya risasi vinatokea pembeni kumrukia aliyesimama jirani yako.

Elekeza mtutu pahali salama, vuta nyundo kwa dole gumba polepole, yaani polepole mpaka muuzaji achoke. Mkono mwingine gusa silinda kidogo tu ili isiteleze yenyewe, usiikabe, kwa sababu ukiikaba hata rivolva nzima itaonekana mbovu. Ukivuta haraka silinda inakwenda kwa msukumo wake na kujifunga yenyewe, ubovu hauonekani, na ndivyo muuzaji mjanja atakavyokuonyesha: chap chap, unaona iko poa. Sikiliza ule mlio wa loki. Nyundo imefika mwisho hujausikia? Sukuma silinda kwa kidole, ikizunguka kidogo zaidi ndipo ikafunga, taiming imechelewa.

Rudia kwa kila tundu, weka alama kwa chaki ujue ulipoanzia. Likichelewa moja tu, mara nyingi jino moja la nyota limekatwa vibaya au limelika. Yakichelewa yote, kidole ndicho kimeisha au tangu kiwandani kilikuwa kifupi, na hiyo kwa fundi ni kazi ya kawaida, ila hela yake itoke kwenye bei.

Sasa tahadhari ambayo wengi hawaijui. Kwenye baadhi ya rivolva ile nyota inacheza kidogo kama matundu hayana kitu, ni vile vitako vya risasi ndivyo vinavyoishikilia. Tuliwahi kukaa karibu nusu siku na rivolva ya jamaa yangu, matundu mawili yanachelewa, fundi ashaanza kutaja bei ya kidole kipya, tulipojaza risasi za bandia zote zikafunga safi. Kwa hiyo usihukumu ikiwa tupu, jaza bandia upime tena.

Zisizo na nyundo ya nje pima kwa triga, vuta taratibu, loki iingie kabla haijafyatuka. Zenye nyundo pima kwa njia zote mbili.

Ikishafyatuka endelea kushikilia triga, tikisa silinda kushoto kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, hata Smith & Wesson zinacheza. Ikigonga kama bawaba ya mlango uliochoka, iache.

Hatua ya 4: nafasi kati ya silinda na mtutu

Vuta silinda nyuma, pima kwa fila, sukuma mbele, pima tena, na uzungushe upime matundu yote. Ikiwa nyuma, elfu 4 mpaka 8 ni nzuri, 10 ndio mwisho wangu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo silinda inavyocheza mbele na nyuma, ikizidi elfu 4 kwa mpya mimi naondoka.

Hatua ya 5: mtutu

Tochi tu. Mistari ya ndani iwe wazi, mdomo wa mbele usiwe na pengo, na pale nyuma risasi inapoingilia kusiwe na ufa.

Hatua ya 6: nyundo

Ikiwa tupu, ivute mpaka mwisho, bila kugusa triga isukume mbele kwa dole gumba. Ikianguka, usinunue hata kwa nusu bei.

Hatua ya 7: bei

Hapa nina upendeleo, siufichi. Smith & Wesson Model 10 ya polisi iliyorudishwa dukani naipenda kuliko rivolva mpya yoyote ya bei hiyo. Muundo wake ulianza 1899, spea zipo, mafundi wanaijua, na nyingi zimesuguliwa na pochi ya mkanda tu, zimebebwa sana zimepigwa kidogo. Rangi iliyochakaa inashusha bei, taiming haijui rangi. Kama lazima mpya, Rock Island M200 ya Ufilipino haina sura lakini ni chuma na inashika risasi 6 za .38. Vibastola vyepesi vya mtutu wa inchi 2 mwanzoni achana navyo, vinarusha mkono na utaogopa kufanya mazoezi.

Hatua ya 8: renji (uwanja wa kulenga shabaha)

Ukishalipa, siku za mwanzo okota maganda uangalie alama ya pini. Ikiwa katikati, sawa (.22 haihusiki, yenyewe hugongwa ukingoni). Ikikaa pembeni, au ukiona vipande vya risasi vimetapakaa kwenye kuta za kibanda chako, rudi hatua ya 3 na chaki yako, na ikithibitika irudishe kiwandani waranti ikiwa bado hai.