Kushuka Korongo la Samaria, Krete: tunza magoti, uwahi boti

Ukiwa Krete, kisiwa cha Ugiriki, usije ukadanganywa na neno "matembezi". Samaria ni kushuka, tena kwa kilomita 16: unaanzia Xyloskalo, pembeni mwa uwanda wa Omalos, mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, unatokea Agia Roumeli kwenye Bahari ya Libya. Kabla sijahamia Ugiriki nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, Kilimanjaro. Wagumu wenzangu walioshuka njia ya Mweka na mzigo kichwani hawahitaji kuelezwa: kupanda hukata pumzi, kushuka hula magoti na kucha za miguu.

Basi anza na kucha. Zikate usiku wa kuamkia safari. Vaa buti ulizokwisha kuzizoea, na kabla ya kupita geti kaza kamba pale kwenye kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele kila hatua. Kilomita mbili tatu za mwanzo ndizo zenye kazi. Njia inajipindapinda kati ya misonobari, mawe yake yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa, na hata pakavu yanateleza. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, tanguliza fimbo. Vijana watakupita wanakimbia. Waache, utawakuta mbele wamekaa wanajikanda mapaja.

Korongo hufunguliwa takriban Mei hadi Oktoba, na mvua au joto likizidi wanalifunga, kwa hiyo uliza jana yake. Panda basi la alfajiri kutoka mji wa Chania. Gari la kukodi liache mjini; ukilipeleka Omalos, jioni utajikuta upande wa pili wa mlima na ufunguo mfukoni. Tiketi ya kuingilia usiitupe, huulizwa wakati wa kutoka.

Maji usibebe mengi. Chupa moja yatosha, maana njiani kuna chemchemi za kunywa. Chakula ndicho cha kubeba, ndani hakuna duka: mkate, mayai ya kuchemsha, zeituni, kitu cha chumvi. Mahali pa kula ni kijijini Samaria, karibu nusu ya njia. Wakazi walihamishwa korongo lilipofanywa hifadhi mwaka 1962, zimebaki nyumba za mawe na mapumziko ya wageni. Mbuzi mwitu wa Krete, kri-kri, wanaweza kuja kukutolea macho. Usiwape kitu hata wakikusogelea kiasi gani.

Baada ya hapo kuta zinakaribiana, unavuka kijito kwa kurukia mawe. Ukiona kibao cha mawe yanayoporomoka, pita haraka, picha utapiga mbele. Kuoga kijitoni ni marufuku. Penyewe hasa ni Portes, ambapo nafasi kati ya kuta ni kama mita nne tu na miamba imepanda juu mamia ya mita. Hapo simama, ila usizibe njia.

Ukishatoka geti la chini bado kama kilomita tatu za jua kali hadi ufukweni, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu walidhani wamefika. Agia Roumeli haina barabara ya gari. Utaondoka kwa boti ya jioni kwenda Sougia au Chora Sfakion, kisha basi hadi Chania. Hakikisha asubuhi basi lako linasubiri bandari ipi. Kata tiketi ya boti kwanza, ndipo ule, ndipo uogelee.

Kama una mzazi mwenye magoti mabovu, msimnyime safari. Njooni Agia Roumeli kwa boti ya asubuhi, mpande taratibu hadi Portes, mrudi. Mtakuwa mmeona pazuri kuliko pote.

Na ufukwe ule ni wa kokoto nyeusi. Saa nane mchana zinaunguza. Weka kandambili kwenye begi.