Chai isubiri kidogo baada ya mboga

Ukitoka soko la Kibuye na fungu la osuga (mnavu), mchicha au kunde, umebeba madini ya chuma, yale yanayosaidia mwili kutengeneza damu. Lakini wengi wetu hapa Kisumu tunashushia ugali na mboga kwa kikombe cha chai, na hapo faida kubwa inapotea. Chai, iwe ya maziwa au ya rangi, ina tanini zinazoshikamana na chuma cha mboga, mwili ukashindwa kukifyonza. Kahawa pia. Acha angalau saa moja ipite ndipo unywe.

Tena kamulia ndimu kwenye mboga ikishaepuliwa, si ikichemka, kwa sababu moto huharibu vitamini C, na hiyo ndiyo inayorahisisha chuma kufyonzwa. Huna ndimu? Kachumbari ya nyanya mbichi, au chungwa ukimaliza kula. Omena, wale dagaa wa ziwani, nayo ni nzuri mno: ina chuma chake, na huusaidia mwili kupata zaidi kile cha mboga.

Wajawazito na wasichana walioanza hedhi ndio ninaowasihi zaidi, maana wao huhitaji chuma kingi. Watoto wadogo nao, wakati wa chakula, kinywaji chao kiwe maji tu, si chai.