Prelude ya Chopin ya E maina: namba za vidole vya mkono wa kushoto unazichaguaje

Watu wengi wakiifungua hii Prelude, kipande kifupi cha piano cha mtunzi Chopin, opasi (yaani namba ya kazi) 28 namba 4, wanaangalia mkono wa kulia wanaona noti chache zimekaa tu, B na C, B na C, wanaangalia wa kushoto wanaona kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinarudiwa rudiwa, basi wanasema hii rahisi, jioni moja nimeimaliza. Kuzisoma noti, sawa, utamaliza. Lakini vipimo, yale mafungu ya midundo kati ya mistari ya wima, ni 25 tu na karibu kila kinachobadilika kinabadilika kushoto, kwa hiyo usipokaa chini ukachagua vidole vya kushoto kwa makini itasikika kama mtu anagonga mlango, na huu ni muziki wa huzuni kubwa sana, ndio uliopigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, kanisa la Madeleine, Paris, Oktoba 1849.

Kwanza tukumbushane namba. Gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo ni 5. Kwa mkono wa kushoto maana yake 5 ndio kiko upande wa besi na gumba liko juu, kinyume na kulia, na wanaotoka kwenye kinanda cha kanisani ambako kushoto kunabonyezwa besi tu huwa wanachanganya hapa, hamna shida, wiki moja tu inakaa kichwani.

Sasa kabla hujaandika namba hata moja, soma mkono wa kushoto kama watu watatu wa kwaya: besi, tena, alto. Usisome kodi kama tofali zima. Kila mmoja anaimba mstari wake na mistari yote mitatu inashuka taratibu, mara huyu mara yule, na uzuri wote wa kipande uko hapo, kwamba mmoja anashuka wengine wanabaki. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwenye kodi inayokuja nani anasogea na nani anabaki? Anayebaki asibadilishiwe kidole. Anayesogea ndiye umtafutie kidole cha jirani.

Tuchukue mwanzo kabisa. Kodi ya kwanza ni G, B, E. Ukimwambia mtu aliyezoea kodi aipige, mkono wake utaenda wenyewe kwenye 5-3-1 au 5-2-1, na kwa kodi ikiwa peke yake ni sawa kabisa. Lakini angalia kipimo cha pili: besi inashuka kutoka G kwenda F shapu, sauti ya kati inashuka kutoka B kwenda A, E ya juu bado ipo palepale. Ukianza na 5 kwenye G, kidole cha kupigia F shapu ni kipi? Ni hichohicho 5, kiruke. Na sauti ya kati ikiwa kwenye 3, ama nayo iruke ama 4 kijibane. Sasa anza na 4-2-1. G kwa 4, B kwa 2, E kwa gumba. Kipimo cha pili kinapoingia unashuka 4 kwenda 5, 2 kwenda 3, na gumba halijaondoka mahali pake. Mkono mzima umejifungua kidogo tu, hakuna kilichoruka, na sauti mbili zimeungana vizuri bila hata kugusa pedali, ile ya mguu inayoacha sauti iendelee. Jaribu zote mbili taratibu bila pedali usikilize tofauti, masikio yatakwambia yenyewe.

Kwa hiyo kidole cha 5 ukiweke akiba, usikitumie mapema kwa sababu tu noti ni ya chini, kitumie pale besi inaposhuka.

Baada ya hapo E ya juu inashuka nusu kwenda E flati, halafu besi F shapu inashuka kwenda F. Hapa vidole vya jirani vimekwisha, 5 ndicho cha mwisho, hamna cha 6. Ndio maana lazima ujue kutelezesha. F shapu ni ufunguo mweusi na F ni mweupe chini yake, kidole cha 5 kinateleza kutoka mweusi kuangukia mweupe bila kuinuka, na hili sio ujanja wa mtu mvivu, Chopin mwenyewe alikuwa anatelezesha kidole kimoja kutoka mweusi kwenda mweupe na wanafunzi wake aliwafundisha hivyo. Gumba vilevile, E flati ikishuka kwenda D gumba linateleza. Ila kutoka E kwenda E flati ni kutoka mweupe kwenda mweusi, hapo hakuna kuteleza, utahamisha gumba tu, na unachofanya ni kukaa karibu na ufunguo na kusogeza mkono mzima ndani kidogo kuelekea mbao iliyo nyuma ya funguo, usilipinde gumba peke yake. Wengine wanajaribu kupiga E kwa gumba na E flati kwa 2 ili ziungane. Mkono ukiwa mkubwa fanya, lakini kati ya A na E flati 3 na 2 vinatanuka vibaya sana na mkono ukikaza sauti inakaza pia, kwa maoni yangu haina faida yoyote hapa maana kodi zenyewe zinapigwa upya kila mara.

Na hizo kodi zinazorudiwa, usibadilishe vidole kwenye noti inayorudiwa. Kuna watu wamefundishwa kwamba noti ikirudiwa ubadilishe kidole, hiyo ni kwa noti moja inayorudiwa haraka, sio hapa. Hapa vidole vinabaki juu ya funguo, ufunguo unapanda nusu tu ndio unaushusha tena. Ukiinua kidole mpaka hewani kila mara umeshaua kipande.

Kuendelea mbele utaona besi na sauti ya kati zinakaribiana. Zikifika umbali wa hatua moja, mfano E na F shapu, usilazimishe 5-3, tumia 5-4 na gumba juu. Cha 4 ni kidole dhaifu ndio, Chopin kwenye maandishi yake ya mbinu ambayo hakuyamaliza aliandika kwamba kila kidole kina umbo na nguvu zake, hakutaka watu wahangaike kuvifanya vyote vilingane. Sauti ya kati kuwa dhaifu kidogo hapa ni jambo jema, hutaki ishindane na wimbo.

Sehemu ngumu ni ile iliyoandikwa stretto, yaani muziki ubanwe na uharakishwe, kuanzia kipimo cha 16 hivi, muziki unapanda nguvu na mkono wa kushoto unaanza kuruka kati ya besi ya chini na kodi za juu. Huku kanuni ya jirani haifanyi kazi tena, kuunganisha ni kazi ya pedali. Unachagua namba kwa kuangalia kutua, yaani unauliza mkono ukifika utakuwa na umbo gani. Besi za oktava 5-1 kwenye funguo nyeupe, ikitokea nyeusi unaweza kuweka 4 badala ya 5. Halafu kodi inayofuata uipe namba ambazo gumba halibadiliki umbali sana kutoka lilipokuwa. Mazoezi yake: piga besi, ruka, tua juu ya kodi bila kupiga, angalia kama vidole vyote viko mahali, ndipo upige. Na macho yaangalie kushoto, kulia kunajijua.

Karibu na mwisho kuna kimya kirefu chenye alama ya kusubiri, halafu kodi tatu za mwisho polepole kabisa. Tumia kile kimya kuweka vidole tayari juu ya funguo. Kodi ya kwanza ya zile tatu ikichelewa upande mmoja, besi kabla ya kulia, kila mtu anasikia.

Kuhusu namba zilizochapishwa kwenye kitabu: mara nyingi sio za Chopin, ni za mhariri. Toleo la Carl Mikuli linapatikana bure mtandaoni na yeye alikuwa mwanafunzi wa Chopin kweli, kwa hiyo namba zake zina uzito, ila mkono wake sio mkono wako. Zichukue kama ushauri wa mtu mzima, zijaribu kwa heshima, zikikataa badilisha.

Ukishamaliza hii nenda namba 6 kwenye opasi hiyohiyo, ya B maina, maana kule mambo yamegeuka, wimbo wenyewe uko kushoto na kulia ndiko kunakorudia kodi. Unaanza chini B, D, F shapu, B, unafika D. Mkono mkubwa utaenda 5-3-2-1 halafu 2 kinavuka juu ya gumba kwenda D. Mkono mdogo usiotaka kutanuka oktava, jaribu 5-3-1, gumba likiwa kwenye F shapu, kisha 3 kivuke kwenda B na gumba kwenye D. Usiogope gumba kwenye ufunguo mweusi, kwa Chopin ni kawaida. Ila sikiliza ile D ya juu: gumba ni zito, likiangukia pale utasikia kishindo mahali ambapo wimbo unataka kuimba, na Chopin ameandika sotto voce, sauti ya chini. Kama huwezi kulilainisha, rudi kwenye 2.

Namba ziandike kwa penseli, na sio kila noti, andika pale tu mkono unapobadilika, ukurasa ukijaa namba macho hayasomi tena muziki. Na usizikubali mpaka umezijaribu kwa spidi ya kweli na pedali. Kuna namba tamu sana ukienda taratibu ambazo ukifika kwenye stretto zinakugeuka, hizo futa siku hiyohiyo, maana vidole vikishazoea namba mbaya kuvirudisha ni kazi ya miezi.