Somo: Kutambua samaki na vimelea vyake kwa ajili ya usimamizi wa uvuvi

Hatua ya kwanza ni kumtambua samaki mwenyewe, kwa sababu vimelea vingi huchagua mwenyeji (yaani samaki wa kuishi juu yake au ndani yake), na jina la samaki likikosewa, orodha yote ya vimelea vyake hupotoka. Mpige picha akiwa mbichi, rula ikiwa kando yake, kwani rangi hufifia upesi. Kisha hesabu miiba na vijiti laini vya pezi la mgongoni, pamoja na magamba ya mstari wa ubavuni. Rangi peke yake haitoshi: madume wa spishi nyingi hubadilika wakati wa kuzaliana. Panapobaki shaka, hifadhi kipande cha pezi katika ethanoli ya asilimia 95 ili jeni la COI, linalotumika kutambua spishi, lipimwe.

Hatua ya pili, kagua ngozi, mdomo na matamvua kabla ya kupasua tumbo. Matamvua yatazamwe kwa darubini yakiwa ndani ya maji, maana huko hukaa monojenea, minyoo bapa wadogo wenye kulabu nyuma ya mwili.

Hatua ya tatu, pasua tumbo na utenganishe utumbo, ini na viungo vya uzazi. Minyoo wa mviringo hawana pingili. Miongoni mwao, lava (minyoo wachanga) wa Anisakis huonekana wamejiviringisha juu ya ini na utumbo. Tegu ni bapa, na miongoni mwao Ligula anastahili uangalifu wa pekee. Lava wake mkubwa mweupe hukaa katika uwazi wa tumbo na kuzuia ovari au korodani zisikomae, hivyo samaki mwenye ukubwa wa samaki aliyekomaa huandikwa kuwa mchanga. Asiyerekodi tegu huyo atakadiria vibaya urefu wa samaki anapokomaa, na kipimo cha chini cha kuvuliwa kitakachowekwa kitakuwa na kosa hilohilo.

Mwisho, andika idadi ya vimelea kwa kila samaki, wakiwemo wasiokuwa na kimelea hata kimoja. Bila sifuri hizo, kiwango cha maambukizi hakiwezi kukokotolewa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, vimelea vinaweza kuonyesha kwamba samaki wa maeneo mawili ni makundi tofauti?

Ndiyo, iwapo kimelea hudumu mwilini muda mrefu. Lava wa Anisakis wametumika hivyo. Linganisha samaki wa urefu unaokaribiana, kwa kuwa wakubwa hukusanya lava wengi zaidi kadiri wanavyoishi.

Samahani, mwalimu, samaki mwenye Anisakis atupwe?

La hasha. Atolewe matumbo mapema, kwa kuwa baada ya kifo lava wanaweza kuhamia kwenye minofu, kisha apikwe hadi aive kabisa au agandishwe kwa nyuzi -20 za Selsiasi kwa siku 7. Hata hivyo, mwenye mzio wa Anisakis ajihadhari, kwani lava waliokufa nao huweza kumdhuru.